Tujiandae kwa Safari ya Rumangabo

Katika mji wa New York, huko Marekani, kuna nyumba kubwa ya makumbusho ambayo sifa zake zimeenea duniani kote. Ndani yake mna ukumbi wa wanyama wa Afrika, uliofunguliwa mwaka 1936. Nyuma ya kioo kimoja wamo gorila ambao ngozi zao zilitengenezwa kwa ustadi mkubwa, hata mtu hudhani wako hai. Nyuma yao mchoraji amechora ukutani milima miwili ya moto, Nyiragongo na Nyamulagira. Walimu wa mji ule huwaleta wanafunzi wao, nao husimama mbele ya kioo hicho wakaitazama milima ya Kivu.

Basi na tuulize swali. Watoto wa Goma, wa Kibumba, wa Rugari na wa Rutshuru huiona milima hiyo kila siku. Kati yao ni wangapi waliopata kumwona gorila kwa macho yao, au hata kuelezwa kwa nini analindwa? Twajua ya kuwa ni wachache sana. Wengine humjua kwa picha tu, sawasawa na mtoto wa New York. Jambo hili halipendezi. Mwenye shamba hapaswi kuhadithiwa habari za shamba lake na mpita njia.

Kwa hiyo leo twapenda kuzungumza na wazazi, walimu na wanafunzi juu ya safari ya Rumangabo: jinsi ya kuipanga, mambo ya kujua kabla ya kwenda, na faida ya kurudi nayo nyumbani. Tena tuseme wazi tangu mwanzo kwamba hatumwambii mtu afunge mzigo wake kesho. Mwishoni mwa mwaka 2022 vita vilifika Rumangabo penyewe, kundi la M23 lilipoitwaa kambi ya jeshi iliyo jirani. Na mwezi wa Januari 2025 kundi hilo hilo likautwaa mji wa Goma. Hakuna safari ya shule inayostahili kuhatarisha roho ya mtoto. Lakini mkulima hangoji mvua inyeshe ndipo atafute mbegu. Sehemu kubwa ya matayarisho hufanyika darasani na nyumbani, na hiyo yaweza kuanza leo.

MAKUMBUSHO YALIYOZAA MBUGA

Wale gorila wa New York waliuawa mwaka 1921 katika milima ya Mikeno na Karisimbi. Aliyeongoza uwindaji huo ni Mmarekani, Carl Akeley, fundi mashuhuri wa kutengeneza wanyama wa makumbusho. Alikuja kwa kazi hiyo, akaitimiza. Lakini alipowatazama wanyama wale kwa karibu, moyo wake uligeuka. Aliona ya kuwa ni wapole kuliko walivyosemwa, na kwamba wakiendelea kuwindwa watakwisha. Akaanza kuomba watengewe mahali pa salama.

Albert wa Kwanza, Mfalme wa Ubelgiji, alikuwa amezitembelea mbuga za taifa za Marekani mwaka 1919, naye aliyasikiliza maombi hayo. Tarehe 21 Aprili 1925 amri ikatolewa. Hivyo ikazaliwa mbuga ya taifa ya kwanza katika Afrika nzima, ikaitwa Mbuga ya Albert. Jina la Virunga ilipewa mwaka 1969. Mwaka 1979 shirika la UNESCO liliiandika katika Urithi wa Dunia. Na mwaka 1994, kwa sababu ya vita na uharibifu, likaiweka katika orodha ya urithi ulio hatarini. Akeley mwenyewe alirudi mwaka 1926, akaugua, akafa mwezi wa Novemba. Kaburi lake liko Kabara, kati ya Mikeno na Karisimbi.

Inafaa mwanafunzi aijue habari hii kabla ya kusafiri, maana ina mafundisho mawili. La kwanza ni kwamba kutazama kwa makini huweza kumbadili mtu: aliyekuja na bunduki aliondoka na ombi. La pili ni gumu zaidi. Amri ile ilitolewa mbali, na watu waliokuwa wakilima, wakiwinda na kuchanja kuni katika ardhi ile hawakuulizwa shauri. Mipaka ikapanuliwa katika miaka iliyofuata, hata mbuga ikafikia eneo la kilomita za mraba zipatazo 7,800. Wajukuu wa watu wale wangali wakiyasimulia mambo hayo. Mwalimu asiyaruke, kwa sababu watoto watayasikia tu nyumbani, na afadhali wayasikie pande zote mbili.

RUMANGABO NI MAHALI GANI?

Ukitoka Goma kwa njia ya Rutshuru, unapita Kibati, Kibumba na Rugari, na baada ya kilomita 45 hivi unafika Rumangabo. Njia yenyewe ni kitabu. Upande wa Kibati utaona mawe meusi yaliyotoka tumboni mwa Nyiragongo. Mlima huo ulimwaga moto mwaka 1977, tena mwaka 2002, ambapo mto wa moto ulipita katikati ya mji wa Goma hata ukaingia ziwani, na tena tarehe 22 Mei 2021. Kibumba, mwaka 1994, palikuwa na kambi kubwa ya wakimbizi kutoka Rwanda. Watu mamia ya maelfu walijaa kandokando ya Goma, na kila jamaa ilihitaji moto wa kupikia. Kuni zilitoka wapi? Zilitoka katika msitu wa mbuga. Tusiwalaumu wenye njaa. Lakini mwanafunzi apitapo hapo ajue kwamba vita huua hata mti usio na adui.

Rumangabo ndipo makao makuu ya mbuga. Makao haya yalianza enzi ya Wabelgiji. Yamepitiwa na uhuru, yamepitiwa na jina la Zaire, yamepitiwa na vita kadha wa kadha. Hapana vioo humo wala wanyama waliojazwa majani. Hata hivyo ni makumbusho kwa maana kamili ya neno hilo, kwa kuwa kazi ya makumbusho ni kukumbusha, na Rumangabo pana mambo mengi ya kukumbuka.

La kwanza ni habari ya gorila yatima. Mwezi wa Juni 2007 walinzi walimkuta mtoto wa gorila wa miezi miwili ameng'ang'ania maiti ya mama yake. Walimwita Ndakasi. Mwezi uliofuata wauaji waliivamia jamaa nyingine. Dume mkubwa mwenye mgongo wa fedha, jina lake Senkwekwe, aliuawa pamoja na majike ya jamaa yake. Watu wa vijijini walimtoa msituni kwa kumfunga juu ya miti na kumbeba mabegani, na picha ya maandamano yale iliwaliza watu wa mataifa mengi. Mtoto mwingine aliyebaki yatima aliitwa Ndeze. Hawakuliwa nyama wala ngozi zao hazikuchukuliwa. Wengi waliochunguza mauaji hayo waliona kwamba chanzo chake kilikuwa biashara ya makaa: maadamu gorila wapo, msitu hulindwa, wakitoweka, mkata makaa hana wa kumzuia.

Ndakasi na Ndeze walitunzwa kwanza Goma, kisha wakahamishiwa Rumangabo, na mwaka 2010 kituo cha yatima kikafunguliwa huko kwa jina la Senkwekwe. Ndicho kituo cha pekee duniani cha namna hiyo kwa gorila wa milimani. Walezi waliishi nao usiku na mchana, wakiwalisha kwa chupa kama watoto wachanga, maana gorila mchanga akiachwa peke yake hufa hata kama ana chakula. Hawakuweza kurudishwa msituni, kwa kuwa hawakufundishwa na mama zao, na tena wangeweza kupeleka magonjwa ya watu kwa gorila wa porini. Ndakasi alifariki tarehe 26 Septemba 2021, akiwa na umri wa miaka 14, mikononi mwa mlezi wake André Bauma, aliyemlea tangu siku zile za mwanzo.

La pili ni habari ya walinzi wenyewe. Zaidi ya walinzi 200 wameuawa wakiwa kazini katika historia ya mbuga hii. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, msafara ulishambuliwa, wakafa walinzi 12, dereva mmoja wa mbuga, na raia wanne. Tarehe 10 Januari 2021 wakauawa walinzi sita wengine. Hawa si wageni waliotoka mbali. Wengi ni vijana wa Kivu, watoto wa vijiji vile vile, ambao mama zao huenda soko moja na mama zenu. Wajane kadha wa walinzi walifundishwa kazi ya kushona katika karakana ya Rumangabo wapate kulea watoto wao. Mgeni aliyeona gorila asione habari za wajane hawa, ameona nusu tu ya Rumangabo.

KWANZA NI KUULIZA NJIA

Mkuu wa shule anayepanga safari ya namna hii aanze na swali moja: je, njia ni salama? Asiulize sokoni, wala asitegemee neno la dereva anayetafuta nauli. Aulize ofisi ya mbuga na wakuu wa mahali, tena aulize upya katika juma lile lile la safari, kwa kuwa hali ya juma lililopita si hali ya leo. Hata siku zile ambapo wageni walikuwa wakipokelewa, walisafiri kwa msafara wa walinzi wenye silaha. Nayo silaha haikutosha siku zote. Mwezi wa Mei 2018 wageni wawili Waingereza walitekwa nyara katika njia hii, na mlinzi aliyekuwa nao, binti wa miaka 25 jina lake Rachel Masika Baraka, aliuawa. Mbuga ilifungwa kwa wageni hata Februari 2019.

Wazazi nao wapewe habari zote kwa maandishi, na kila mmoja akubali au akatae kwa hiari yake, bila kuonwa kuwa mwoga. Mwalimu anayeahirisha safari kwa ajili ya usalama asichekwe. Ameonyesha ya kuwa anajua tofauti kati ya mzigo na mtoto.

PILI NI AFYA NA ADABU

Gorila ni ndugu wa karibu wa mwanadamu katika jamii ya wanyama, na kwa sababu hiyo magonjwa yetu humshika. Mafua ambayo kwetu ni kupiga chafya siku tatu, kwake yaweza kuwa kifo. Ndiyo maana mwenye homa, kikohozi au kuharisha haruhusiwi kumkaribia, na wageni huambiwa kufunika pua na mdomo, kutokula mbele ya wanyama, kutotema mate, na kusimama mbali. Watoto wa chini ya miaka 15 hawakuwa wakiruhusiwa kupanda mlimani kuwafuata gorila wa porini. Basi yafaa mwalimu aseme hivyo mapema, asije akawaahidi wanafunzi wa darasa la nne jambo lisilowezekana.

Wanafunzi wafundishwe adabu hizi wiki nzima kabla ya kuondoka. Mtoto anayejua sababu ya sheria huitii hata asipoangaliwa. Anayeambiwa «usifanye» tu, hungoja mwalimu ageuze uso.

TATU NI FEDHA

Gari, chakula na kiingilio vina gharama, na bei hubadilika. Ulizeni kwanza, kisha hesabuni. Ushauri wetu ni kwamba darasa liweke sanduku moja, wanafunzi wenyewe wachague mtunza fedha na mwandishi, na hesabu isomwe mbele ya wote kila mwezi. Haba na haba hujaza kibaba. Mtoto aliyechangia safari yake kwa kuuza mchicha wa bustani ya shule atafungua macho zaidi kuliko aliyelipiwa kila kitu. Na mtoto wa maskini asiachwe nyuma kwa ajili ya nauli. Ikiwa fedha hazitoshi wote, ngojeni muhula mwingine.

NNE NI MASWALI

Matayarisho ya mwisho ndiyo makubwa. Mtu aendaye bila swali hurudi na picha tu. Kila mwanafunzi aandike maswali mawili katika daftari, moja la kumwuliza mlinzi wa mbuga, na jingine la kumwuliza mzee wa kijijini kwake kabla ya safari.

Mzee huenda atasema hivi: «Mbuga ilichukua shamba la baba yangu. Tembo na nyati hutoka humo wakala mahindi yangu, nami nikiingia kuokota kuni nakamatwa.» Maneno haya si ya mtu mbaya. Ni maneno ya mtu mwenye watoto wa kulisha katika nchi ambayo ardhi haitoshi, na majirani wa mbuga ni mamilioni. Mwanafunzi ayaandike yote, ayachukue Rumangabo, ayaseme kwa heshima mbele ya mlinzi, asikie jibu.

Mlinzi naye huenda atamjibu: «Msitu huu ndio huvuta mvua na kutunza chemchemi zinazonywesha mashamba yenu.» Ataweza kumtajia mtambo wa umeme wa Matebe, uliozinduliwa mwaka 2015, ambao hutumia maji ya mto Rutshuru na una nguvu ya megawati 13 na zaidi, umeme wake ulifika hata Goma. Ataweza kumwambia ya kuwa gorila wa milimani, waliodhaniwa kuwa watatoweka, wameongezeka, hata hesabu za miaka ya 2010 zikaonyesha 1,063 duniani kote, katika milima ya Virunga na katika msitu wa Bwindi na jirani yake. Na kwa haki ataongeza kwamba si kila mnyama alipata bahati hiyo: viboko wa Ziwa Edward walikuwa zaidi ya 20,000 katika miaka ya 1970, wakapungua hata kuwa chini ya 1,000 mwaka 2005.

Je, mwanafunzi aamini nani, mzee au mlinzi? Jibu letu ni kwamba wote wawili wasema kweli, na kazi ya kizazi kijacho ni kuzipatanisha kweli hizo mbili. Hatuwezi kulinda msitu kwa kumwacha mzee na njaa, wala hatuwezi kumshibisha mzee kwa kuumaliza msitu, maana baada ya miaka michache mvua na kuni zote zitakuwa zimekwisha. Atakayelipata jibu huenda ameketi sasa hivi katika darasa la sita.

NA ASIYEWEZA KWENDA?

Wako wasomaji watakaosema: «Sisi tu kambini,» au «Sisi tuko mbali, huku Tanzania, Rumangabo hatutafika kamwe.» Kwao twasema kwamba nusu ya safari hii haihitaji gari. Anza jikoni kwako. Kwa mwezi mmoja, mwanafunzi ahesabu magunia ya makaa, au makala kama wasemavyo watu wa Goma, yanayoingia nyumbani. Amwulize mama bei yake, amwulize mchuuzi yalikotoka, amwulize babu msitu ulikuwa wapi zamani na sasa uko wapi. Kisha ajaribu pamoja na mama njia za kupunguza: kuloweka maharagwe tangu usiku, kufunika sufuria, kutumia mbabula ya udongo isiyopoteza joto. Mwezi wa pili ahesabu tena, alinganishe. Hiyo ni elimu kamili, nayo haina hatari njiani.

Baba naye asiache kazi hii kwa mama na watoto. Kama ana hatua chache za ardhi, apande miti ya kuni mpakani mwa shamba. Mti uliopandwa leo hautamsaidia mwaka huu. Lakini gunia moja lisilotoka msituni ni faida kwa msitu, na ni fedha iliyobaki mfukoni.

Tarehe 21 Aprili 2025 mbuga hii ilitimiza miaka 100, na siku hiyo ilipita bila nderemo, kwa kuwa nchi ilikuwa vitani. Hatujui ni lini mabasi ya shule yatapita tena Kibumba na Rugari kwa nyimbo. Lakini siku hiyo ikija, tungependa imkute kila mwanafunzi ana daftari lake tayari, lenye neno la mzee, lenye hesabu ya makaa, na lenye swali ambalo mlinzi wa Rumangabo atalazimika kufikiri kabla ya kulijibu.